Jumamosi: tunakwenda Termini

Habari za jioni ndugu zangu. Mpango umebadilika: Jumamosi hatuendi makumbusho, tunakwenda stesheni ya Roma Termini.

Tukutane saa 4 kamili asubuhi upande wa Piazza dei Cinquecento, chini ya lile paa la zege lililopinda kama wimbi. Waroma huliita "dinosau". Ukumbi huo ulifunguliwa Desemba 1950, baada ya Vita vya Pili vya Dunia kukatiza mradi wa awali wa msanifu majengo Angiolo Mazzoni; mabawa ya pembeni ya mradi wake bado yapo, mtalinganisha wenyewe. Kando yake umesimama ukuta wa Servius, yaani ukuta wa kale wa kuulinda mji wa Roma, wa karne ya 4 KK. Mimi hapo ndipo ninaponogewa!

Kiingilio hakuna. Njooni na daftari na penseli.

Tafadhali andika "Nipo" kabla ya Alhamisi usiku. Usiyeweza sema pia, tusikusubiri juani.