Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: ardhi ya Arusha ipimwe kwanza

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UPIMAJI WA ARDHI KWA AJILI YA RELI YA MJINI ARUSHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Reli ilifika Arusha mwaka 1929 ikitokea Moshi, na treni ya abiria ikarejea 2020 baada ya kimya cha miaka mingi. Mazungumzo ya treni ya mjini huanzia kwenye vituo na nauli. Ombi letu liko chini ya mataruma: mkataba wa ujenzi usisainiwe kabla ardhi haijapimwa uimara wake, na upimaji uvuke masika moja nzima.

Kinachotusumbua zaidi ni udongo wa majivu ya volkano wa miteremko ya Mlima Meru. Maabara nyingi zikipokea sampuli huikausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kabla ya vipimo vyote. Kwa udongo wa kawaida hilo halina madhara makubwa. Huu wetu ukikauka hivyo, chembe zake laini hugandamana na hazirudi tena hata ukiulowesha. Ripoti itasema ni udongo wa mchanga mchanga, unaoshindilika vizuri. Katapila likiupita mara kadhaa ukiwa na unyevu wake wa asili, unageuka uji. Mkandarasi anaomba nyongeza ya fedha, naye ana haki. Kwa hiyo hadidu za rejea zitamke wazi: kipimo cha Atterberg (kinachoonyesha ni kwa unyevu gani udongo hulainika na kuanza kutiririka) kifanywe kwenye sampuli yenye unyevu wa asili, na cha ushindiliaji kianzie kwenye unyevu mwingi kikishuka, kila hatua kwa sampuli mpya.

Ukishuka tambarare unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huo wahandisi wengi wanaujua: unaondolewa na kujazwa kifusi kizuri, au unachanganywa na chokaa, na mitaro inawekwa mbali na tuta.

Kwenye madaraja ya mito Themi na Naura hatari ni majabali yaliyoshuka na tope la volkano. Kipimo cha kawaida cha ugumu wa ardhi hupigilia bomba kwa nyundo ya kilo 63.5 inayodondoshwa sentimita 76, na mapigo huhesabiwa kwa sentimita 30 za mwisho kati ya 45. Bomba likigonga jiwe halishuki hata kwa mapigo 50, na kwenye fomu linaandikwa neno "mwamba". Kumbe ni jiwe la mita mbili, chini yake tope. Nguzo ikikaa juu yake, mto ukila udongo wa pembeni, nguzo inainama. Tunashauri kila nguzo ichorongwe hadi mita 5 mfululizo ndani ya mwamba, na sampuli za mwamba zihifadhiwe kwenye masanduku ili zikaguliwe. (Picha za simu hazitoshi.)

Piezomita (mabomba ya kupimia maji ya ardhini) ziwekwe kufikia Februari na zisomwe kila wiki hadi Juni. Shimo lililochorongwa Septemba likaonekana kavu halisemi lolote kuhusu maji ya Aprili, na maji hayo ndiyo yanayopandisha tope kwenye kokoto hadi reli inacheza.

Liko pia jambo la mjini ambalo michoro hailionyeshi: vyoo vya shimo na visima vya zamani vilivyofukiwa kwa taka. Rada ya ardhini haiaminiki hapa, maana mawimbi yake hufia kwenye mfinyanzi wenye maji. Njia ya uhakika ni kupita nyumba kwa nyumba na mjumbe, kuwauliza wazee, kisha kupima kwa fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, inayopigiliwa kwa nyundo ya kilo 8, kila penye shaka. Pia nyumba zilizo karibu na uchimbaji zipigwe picha za nyufa kabla kazi haijaanza, la sivyo kila ufa wa zamani utadaiwa fidia.

Mwisho, ripoti yote ya ardhi, pamoja na takwimu ghafi, wapewe wazabuni wote kwa wakati mmoja. Asiyeijua ardhi hupandisha bei kujilinda, au huishusha apate kazi kisha adai baadaye.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahandisi wa udongo na miamba, Arusha