Moto wa Makaa: Barua kwa Mwanangu

Malindi, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mama yako hajambo, na nyanya yako, ambaye jana alikuulizia kabla hata hatujaketi kula, hajambo pia. Ujumbe wako ulitufikia Ijumaa Kuu. Umesema kwamba karo tuliyokutumia hukuilipa, kwamba imekwisha katika mambo ambayo unaona haya kuyataja, na kwamba hukuja nyumbani kwa sababu usingethubutu kusimama nasi katika mkesha wa Pasaka ukiwa katika hali hiyo. Habari ya fedha imeniuma, sitakuficha. Lakini hiyo ya pili, ya kwamba kanisani hapakufai mpaka utakate kwanza, ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa maana umeielewa Pasaka kinyume, na pengine sisi wazazi wako ndio tuliokufundisha hivyo.

Acha nikueleze jambo ambalo mpaka leo mama yako pekee ndiye anayelijua. Kabla hujazaliwa, nilipoanza kununua samaki ufuoni, nilikuwa na mizani ya kuning'iniza ambayo nilikuwa nimeichezea kwa ndani, ikawa inapunja karibu nusu kilo katika kila kilo kumi. Nguru au jodari mkubwa akishaning'inia pale, nani atakayeona kwa macho kwamba amepunguzwa? Niliendelea hivyo msimu mzima wa kaskazi, na kila Jumapili nilikomunika. Kwaresima ilipofika nilikwenda kwenye kitubio. Padre akaniondolea dhambi, akaniagiza nirudishe nilichokiiba.

Niliyempunja zaidi alikuwa nahodha mmoja mzee, Mwislamu, ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo huku mkono wangu ukimwibia. Nilimwendea Jumamosi Kuu nikiwa na bahasha. Nilimkuta akiitia mashua yake kalafati, na aliendelea na kazi yake mpaka nilipomaliza kusema. "Nilijua," akaniambia. "Nilikuwa nakungoja." Kisha akazihesabu zile noti, akazigawa mafungu mawili: lake akanirudishia, na la mabaharia wake akalifunga katika pindo la kikoi, akisema kwamba chake anaweza kusamehe, lakini cha watoto wa watu hana ruhusa ya kukisamehe.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa kweli nilitamani anitukane, kwa sababu matusi yale ningeyahesabu kuwa sehemu ya malipo, nikaondoka nikiwa na haki yangu. Alichonifanyia kilikuwa kizito zaidi: niliondoka na fungu ambalo sikustahili kulishika, wala sikuwa na neno la kusema. Tangu siku ile, padre anapotaja neema, mimi huona noti zile mkononi mwangu.

Nakumbuka hayo kila inaposomwa habari ya Petro katika Injili ya Yohane. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu palikuwa na moto wa makaa, kwa sababu kulikuwa na baridi, na Petro, aliyemkana Bwana mara tatu usiku huo, alikuwa anaota moto ule. Baada ya ufufuko, kando ya bahari ya Tiberia, wanafunzi wanashuka chomboni na kukuta tena moto wa makaa, samaki wakiwa juu yake. Neno la Kigiriki linalotumika kwa moto huo, katika Agano Jipya lote, limo katika sehemu hizo mbili tu. (Tena samaki waliovuliwa asubuhi ile walihesabiwa, 153, aliyeandika alikuwa anajua kazi yetu.) Sisi tunaoishi kwa samaki tunajua jinsi moshi wa makaa unavyoganda nguoni, kwa hiyo siamini kwamba Petro aliunusa bila kukumbuka. Yesu hakumfichia moto ule. Alimlisha kwanza, kisha ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda, sawasawa na idadi ya makosa yake. Angalia mpangilio huo, mwanangu: chakula kilitangulia maswali.

Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza, tukiwa kule kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, yenye msalaba juu yake, kama waliouleta msalaba ule walikuwa watu wema, nami nikakwepa swali lako. Walitia nanga hapa mwaka 1498, mkesha wa Pasaka, wakiwa na watu waliowateka baharini walipokuwa wakitoka Mombasa. Hilo ndilo jibu nililokunyima. Wengi wameubeba msalaba huku mikono yao ikiwa michafu, na mimi na mizani yangu nimo. Kwa hiyo usidhani kwamba juzi usiku, mishumaa ilipowashwa na Mbiu ya Pasaka ikaimbwa, ile inayothubutu kuliita kosa la Adamu kosa lenye heri, alikosekana mwenye dhambi katika mabenchi yetu.

Sasa tuje kwenye karo. Fungu langu na la mama yako tumekusamehe. Tulikubaliana usiku uleule, na hatutakuuliza tena fedha zilikwenda wapi mpaka utakapotaka kusema mwenyewe. Lakini sehemu ya fedha zile ilitoka kwa nyanya yako, ambaye aliuza mbuzi wawili. Hiyo si yangu kuisamehe, wala sitakusemea kwake. Utamweleza wewe, kwa mdomo wako, hapa nyumbani, na kama atataka urudishe, utarudisha kidogo kidogo.

Nauli nitakutumia kesho asubuhi. Usiniambie kwamba Pasaka imekupita, kwa maana Kanisa huiadhimisha kwa siku 50, mpaka Pentekoste, na leo ni ya pili tu.

Ni mimi,
Baba yako