Simba, nanga na mwaka 1780: pambo lako la zamani limetoka wapi?

Mteja alituletea kijikebe cha fedha cha kuwekea pini, akiwa na uhakika kwamba ni cha Uingereza. Chini yake palikuwa na mihuri mitatu midogo: simba anayetembea, nanga, na herufi G. Alikuwa ameshauliza huku na huku akaambiwa kuwa simba ni alama ya fedha halisi, nanga ni Birmingham, na herufi ni mwaka. Kwa vitu vya Uingereza, yote matatu ni kweli. Ila kijikebe chenyewe kilikuwa cha Marekani. Simba, nanga na G ya Kigothi ni nembo ya kampuni ya Gorham ya Providence, na simba wake anaelekea kulia, ilhali wa Uingereza huelekea kushoto. Pembeni palikuwa pamegongwa neno STERLING, ambalo kwa kawaida sonara wa Uingereza hakulihitaji, maana simba alishalisema.

Ndiyo maana mtu akitupigia simu na kusema "lina nanga tu, ni la wapi?" tunamjibu kwa swali: nanga iko na nani? Mihuri husomwa kwa pamoja. Kwenye fedha ya Uingereza tunatafuta herufi za jina la fundi, simba, alama ya mji pambo lilikopimwa, na herufi ya mwaka. Kichwa cha chui ni London, ngome ni Edinburgh, na Sheffield ilitumia taji kwenye fedha hadi 1974, kisha ikahamia kwenye waridi. Herufi ya mwaka ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu alfabeti ikiisha huanza upya. "c" moja inaweza kuwa ya miaka mingi tofauti, na kinachozitenganisha ni mwandiko wake na umbo la fremu inayoizunguka. Ukikuta pia kichwa cha mfalme au malkia kwa pembeni, umepata bahati: hiyo ilikuwa alama ya ushuru uliotozwa kati ya 1784 na 1890, basi msako unapungua sana.

Wafaransa hawana maneno mengi, wao hugonga vichwa. Tangu 1838, kichwa cha tai ni dhahabu ya karati 18 na kuendelea, na kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, aliyevaa kofia ya vita ni fedha. Halafu kuna bundi. Bundi hugongwa kwenye pambo lililoingia Ufaransa kutoka nje, au lisilojulikana lilikotoka. Tumeshapokea pete zenye bundi ambazo wenyewe waliziita "za Kifaransa". Muhuri ule unakwambia pete ilipita wapi na kupimwa wapi. Fundi aliyeitengeneza huenda hakuwahi kukanyaga Ufaransa.

Mwezi mwandamo nao una kisa chake. Watu wakiuona huwaza Mashariki mara moja. Lakini mwezi mwandamo ukiwa kando ya taji, na nambari 800 ikifuata, hiyo ni fedha ya Ujerumani, iliyogongwa baada ya utaratibu huo kuanza 1888. Nambari ina maana ya sehemu 800 za fedha safi katika kila 1000. Warusi wa zamani walihesabu kwa 96, kwa hiyo 84 yao ni sawa na 875, na kando yake, kuanzia 1899, hukaa uso wa mwanamke aliyevaa kilemba cha kiasili. Huyo mwanamke tunamwangalia kwa jicho la wasiwasi, kwa sababu ameghushiwa mno.

Mapambo ya juu, yaani nyoka, mkono, nyota, maua, tunayaacha mwisho. Michoro husafiri na kuigwa kirahisi. Hata sarafu hudanganya. Vidani vingi vya pande za Bahari ya Shamu vimening'inizwa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka 1780. Mwaka huo ndio aliofariki, na sarafu iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo kwa vizazi, Vienna, Roma, London na kwingineko, kwa kuwa wafanyabiashara walikataa kupokea nyingine. Kidani chako kinaweza kuwa cha karne ya 20 na bado kikaonyesha 1780. Hapo tunageuza macho kwenye kikonyo kilicholehemiwa juu ya sarafu na kwenye mnyororo, maana kazi ya mkono wa fundi iko huko.

Jambo jingine: muhuri ulio kwenye kifungo unakisemea kifungo tu. Vifungo hukatika na kubadilishwa, kwa hiyo tunatafuta muhuri wa pili kwenye pambo lenyewe. Na herufi EPNS si jina la mji wala la fundi. Ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu kwa umeme.

Tafadhali usilisugue kabla ya kulileta. Siku zetu za mwanzo tuliwahi kuing'arisha pete nyembamba kwa mashine, ikameremeta vizuri, na herufi ya mwaka ikaondoka na weusi wake. Mwenyewe alifurahi. Sisi tulinyamaza siku ile, tukamwambia kesho yake.

Kitambaa laini kikavu kinatosha. Ukituma picha kwanza, zima mwanga wa kamera, weka pambo karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa pembeni, kisha piga muhuri kwa karibu, na picha nyingine ya pambo zima mbele na nyuma. Kwenye pete angalia ndani, kwenye bizimu angalia mguu wa pini, kwenye hereni angalia ndoano. Picha ikiwa na ukungu tutakuomba upige tena, na pengine tena, usituchoke.