Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Mwenye Mgonjwa Aliyelazwa?

Ndugu wanachama,

Vikao vyetu vya kila robo mwaka vimefanyika vyote hapa Dodoma, na hesabu za chama chetu cha madaktari mtazipata kwa mweka hazina. Naomba sehemu kubwa ya taarifa hii niitumie kwa swali lililorudi katika kila kikao: mgonjwa aliyelazwa akiwa na kisukari, shinikizo la damu, figo zilizodhoofika na kifua kikuu kwa pamoja, ni wa daktari gani?

Nchini Marekani swali hilo lilipata jibu lenye jina mwaka 1996, pale Robert Wachter na Lee Goldman wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipoandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu daktari wa magonjwa ya jumla ambaye kazi yake kuu ni kuwahudumia waliolazwa, wakamwita hospitalisti. Awali daktari wa mgonjwa alitoka kliniki yake kwenda kumwona hospitalini, kisha akarudi kwenye foleni iliyomsubiri. Lakini tangu mwaka 1983, bima ya serikali kwa wazee ilipoanza kuzilipa hospitali kwa aina ya ugonjwa na si kwa gharama zilizotumika, kila siku ya ziada kitandani ikawa hasara, na hospitali zikamhitaji mtu anayeshinda wodini. Mwaka 2016 waandishi haohao walieleza kwamba madaktari wa aina hiyo walikuwa wamefikia 50,000.

Nchi nyingine zilifuata, kila moja kwa sababu zake. Uingereza ilijenga utaratibu wake kwenye saa za mwanzo za mgonjwa wa dharura, na ubingwa wa kuwahudumia wagonjwa hao ukatambuliwa rasmi mwaka 2009. Nchini Canada kazi hii imeshikwa zaidi na madaktari wa familia. Uholanzi ilianzisha mafunzo ya miaka 3 ya madaktari wa wodini mwaka 2012. Korea Kusini ilianza majaribio mwaka 2016, baada ya kupitishwa sheria ya kuwawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha saa 80 kwa wiki, jambo ambalo lingeacha wodi na upungufu wa watu.

Kwetu sababu hizo hazipo. Mgonjwa wetu hufika kwa rufaa kutoka zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na wodi ya magonjwa ya ndani huendeshwa na madaktari wa kawaida na watarajali, yaani madaktari wapya walio katika mafunzo ya vitendo, bingwa akiongoza raundi ya kuwapitia wagonjwa. Kazi yenyewe tumeifanya miaka mingi bila kuipa jina. Kwa hiyo siafiki wanaotaka tudai ubingwa mpya wa hospitalisti sasa hivi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2018 sote tuliona fahari, na ni haki yetu. Hata hivyo, kadiri mabingwa wa kiungo kimoja kimoja wanavyoongezeka, ndivyo anavyohitajika zaidi daktari mmoja wa kusoma faili lote.

Linaloniumiza zaidi ni siku ya mgonjwa kuruhusiwa. Marekani nako walikutana na tatizo hili mapema, kwa kuwa anayemtibu wodini siye atakayemwona akisharudi nyumbani. Mwaka huu nilimpokea mama kutoka Kongwa, amepoteza fahamu kwa sukari kushuka. Alikuwa akimeza vidonge viwili vya kushusha sukari vya kundi moja, kimoja alichoanzishiwa karibu na kwake na kingine alichoandikiwa alipolazwa, na kadi yake haikuwa na neno hata moja la kuacha kile cha kwanza. Alipona, lakini mwanawe aliniuliza ni daktari gani aliyepaswa kuwaeleza, nami sikuwa na jina la kumtajia.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Kila mgonjwa wa wodi ya ndani awe na daktari mmoja anayeandikwa juu ya faili tangu kulazwa hadi kuruhusiwa, hata zamu zikibadilika. Pili, anayeruhusiwa aondoke na karatasi moja ya Kiswahili inayotaja dawa za kuendelea nazo, dawa za kuacha na tarehe ya kurudi, na daktari wake ampigie simu mganga wa zahanati atakayempokea.

Rasimu ya karatasi hiyo itagawiwa kabla ya mkutano mkuu. Wanachama wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, naomba muipeleke kwanza kwa waganga wa zahanati za huko na mje na masahihisho yao, kwa kuwa wao ndio watakaoisoma.

Mwenyekiti,
Dodoma