Shukrani kwa mzee wa kofia ya buluu, Indianapolis

Mzee wangu, jina lako sikuuliza. Ilikuwa Julai 2013, jioni habari zilipotoka kwamba kocha wa mpira wa kikapu Brad Stevens anaiacha timu ya Chuo Kikuu cha Butler kwenda Boston Celtics, timu ya wachezaji wa kulipwa. Nilikuwa nje ya Hinkle, ukumbi wa michezo wa Butler, gari limegoma kuwaka, machozi yananilengalenga (kwa ajili ya kocha, si gari). Ukaleta nyaya, ukaliwasha kwa betri ya lako. Kisha tukasimama tukiikumbuka fainali ya vyuo vikuu ya 2010: Duke 61, Butler 59, na ule mpira wa mwisho wa mchezaji wetu Hayward kutoka katikati ya uwanja, uliogonga chuma ukakataa kuingia. Mimi nilinuna. Wewe ukasema aende tu, ametushibisha. Kiswahili hukijui, lakini ahsante sana. Nyaya zako bado ninazo.