Asante, daktari uliyenisomea mkataba

Daktari, jina lako silitaji kwa kuwa najua hupendi kutajwa, lakini shukrani hizi siwezi kukaa nazo moyoni. Nilipomaliza mafunzo ya ubingwa nilijua kutibu. Mkataba wa kazi sikujua kuusoma. Ulikaa nami jioni nzima, kalamu nyekundu mkononi, ukazungushia duara kifungu cha bima: nikishaacha kazi hiyo, kisha nishtakiwe kwa ajili ya mgonjwa niliyemtibu zamani, nani atalipa? Peke yangu nisingeliwaza hilo kamwe. Na ile zamu ya kwanza bila msimamizi, nilikupigia simu saa nane usiku kuhusu mgonjwa mmoja. Hukuniamulia. Uliniuliza tu, "Wewe umeona nini?" ukanisikiliza mpaka nikamaliza. Mgonjwa yule alipona. Asante sana, mwalimu wangu.