Kidonge cha vitamini na sahani ya chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu swali linalorudi kila mara: anayemeza kidonge cha vitamini kila asubuhi, anaweza kupunguza mboga na matunda? Hawezi, na sababu zinapimika.

Chukua chungwa moja. Lina takriban miligramu 70 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 kwa siku. Kidonge cha kawaida kina 1,000. Kwa hesabu hiyo kidonge kimeshinda, lakini utumbo una kikomo chake: dozi ikizidi gramu moja, kinachofyonzwa hushuka chini ya nusu, na sehemu ya hicho hutoka na mkojo. Ukipita miligramu 2,000 kwa siku, uwe tayari kuharisha. Chungwa nalo limekuja na potasiamu, folate (vitamini B9) na nyuzinyuzi. Hizi nyuzinyuzi ndizo watu huzisahau. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, ilhali uzito wa kidonge kizima kwa kawaida haufiki hata gramu mbili.

Kuna na somo la beta-karotini, kiini cha rangi ya karoti ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ilionekana kwamba wanaokula sana mboga na matunda yenye kiini hicho hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Nchini Ufini wanaume wavutaji sigara wakapewa kidonge cha miligramu 20 kila siku. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza walikuwa wamepata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Utafiti wa aina hiyo Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake, Januari 1996, baada ya kuonyesha madhara yaleyale. Karoti haikuwa na kosa lolote.

Hata hivyo, kuwaambia watu wote waache vidonge ni kosa jingine. Mwanamke anayepanga kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki (folate ya kidonge) kila siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima apate B12 kwa kidonge au kwa chakula kilichoongezwa, maana mimea haina B12 ya kutegemewa. Wazee na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu wapimwe B12.

Madini ya chuma ndiyo huharibiwa zaidi na namna ya kumeza. Kidonge cha miligramu 200 za feri salfeti, chumvi ya chuma, kina miligramu 65 tu za chuma chenyewe, na ukikishushia na chai, tanini, yaani viini vikali vya majani ya chai, hukamata sehemu kubwa ya hicho kidogo. Kimeze kwa maji, saa moja kabla ya kula au mbili baada ya kula. Tumbo likikataa, kimeze na chakula, ukijua kwamba utafyonza kidogo. Choo kikiwa cheusi, usishtuke. Kwenye sahani kanuni ni hiyohiyo: maharage yakiliwa na chungwa hutoa chuma zaidi, chai isubiri. Na chupa hiyo ikae mbali na watoto, kwa sababu vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Mwisho, lebo. Vitamini A huandikwa kwa mikrogramu au kwa IU (vizio vya kimataifa), na IU 10,000 za retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, ni mikrogramu 3,000, yaani kikomo cha mtu mzima kwa siku. Mjamzito anayetumia multivitamini pamoja na mafuta ya ini la samaki anaweza kukivuka bila kujua, na ziada hiyo inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Kila chupa peke yake husomeka salama. Jumla ndiyo yenye hatari. Ukienda kwa mfamasia, beba chupa zote.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa lishe